Leonhard Euler, kipofu aliyeacha ufunguo ndani ya simu za leo

Tarehe 18 Septemba 1783, mjini Saint Petersburg nchini Urusi, mzee wa miaka 76 ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena alianza siku kama kawaida yake. Alimfundisha mjukuu wake hesabu. Kisha akapiga hesabu za namna puto la hewa linavyopanda juu, jambo lililokuwa linazungumzwa Ulaya nzima tangu ndugu wawili wa familia ya Montgolfier waliporusha puto lao Ufaransa miezi michache kabla. Kisha akaongea na wenzake juu ya sayari ya Uranus, iliyokuwa na miaka miwili tu tangu kugunduliwa. Jioni damu ilimwagika katika ubongo wake, akaanguka, na kabla ya usiku wa manane alikuwa amefariki.

Mzee huyo ni Leonhard Euler. Hakuona taa ya umeme hata moja, seuze ordinateri. Lakini leo, mtu anapofungua barua pepe ama ukurasa wa benki yake kwa simu, mara nyingi siri yake inalindwa na hesabu ambayo Euler aliithibitisha bila kufikiri kama itakuja kumsaidia mtu yeyote.

Vijana wa Bukavu, Goma ama Lubumbashi wanaotengeneza programu wana sababu yao ya pekee ya kumfahamu. Maisha yake yanasaidia kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wa informatiki wanavichanganya kila siku: kufunga ujumbe kwa ufunguo wa wazi, na kuupitisha ujumbe kwenye heshi. Vyote viwili vinageuza maandishi kuwa kitu kisichosomeka. Lakini cha kwanza kina njia ya kurudi, na cha pili hakina. Njia hiyo ya kurudi, Euler ndiye aliyeichora.

Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, na alitaka kijana wake afuate njia hiyo hiyo. Leonhard aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 13. Hapo Basel alikuwako Johann Bernoulli, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hesabu wa wakati ule, mtu mkali asiyependa kupotezewa saa zake. Alikataa kumfundisha kijana huyo kila siku, lakini alimpa vitabu vigumu na kumruhusu aje kila Jumamosi alasiri kuuliza pale alipokwama. Euler alijitahidi asikwame mahali pengi. Baadaye Bernoulli mwenyewe alimweleza mchungaji kwamba kijana wake hakuumbwa kwa ajili ya mimbari, na baba akakubali.

Kazi haikupatikana Basel. Ilipatikana mbali, katika akademia mpya ya sayansi ya Saint Petersburg, ambako watoto wawili wa Bernoulli walikuwa wametangulia. Euler alifika huko tarehe 17 Mei 1727, na siku hiyo hiyo malkia wa Urusi, Catherine wa Kwanza, akafariki. Akademia ikatikisika, pesa zikapungua, na kwa muda kijana wa Uswisi akatumika kama luteni wa afya katika jeshi la maji. Hali ilipotulia alipanda haraka. Mwaka 1733 alichukua kiti cha hesabu, na Januari 1734 akamuoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Walizaa watoto 13, na 5 tu ndio waliofikia utu uzima.

Ni katika miaka hiyo ya kwanza ya Urusi ndipo jambo lililomuingiza katika habari hii lilipoanza. Tarehe 1 Desemba 1729 rafiki yake Christian Goldbach alimwandikia barua, na mwishoni akamuuliza kama anajua madai fulani ya Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefariki mwaka 1665. Fermat alipenda namba kuliko kesi za mahakama. Aliamini kwamba ukichukua 2, ukaizidisha yenyewe mara 1, mara 2, mara 4, mara 8, mara 16, mara 32 na kuendelea hivyo, kisha ukaongeza 1, kila mara utapata namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tano za kwanza ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65 537.

Namba ya sita ni 4 294 967 297. Fermat hakuweza kuigawanya, hivyo akaamini haigawanyiki. Mwanzoni Euler hakuvutiwa na swali hilo. Goldbach akasisitiza. Mwaka 1732 Euler alitoa jibu: namba hiyo ni 641 mara 6 700 417. Fermat alikuwa amekosea.

Namna alivyofikia 641 inaonyesha akili ya mtu huyu. Baadaye alieleza kwamba kigawanyo chochote cha namba ile, kama kipo, lazima kiwe kizidisho cha 64 kilichoongezwa 1. Kwa hiyo haikuhitajika kujaribu namba tasa zote moja kwa moja. Zilizofuata sharti hilo ni 193, kisha 257, kisha 449, kisha 577, na ya tano ni 641. Majaribio matano tu, na kosa la karibu miaka 100 likaanguka. Lakini bila hila hiyo kazi ingekuwa ndefu sana, na hapo ndipo mtengenezaji wa programu anatakiwa kusimama kidogo. Kuzidisha 641 kwa 6 700 417 ni kazi ya dakika kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Kutoka 4 294 967 297 na kurudi kwenye zile namba mbili ni jambo lililomshinda Fermat.

Euler hakuiacha tena hesabu ya namba. Mwaka 1736 aliwasilisha uthibitisho wa sheria nyingine ya Fermat, ambayo mwenyewe aliitaja mwaka 1640 bila kuonyesha uthibitisho. Baada ya miaka mingi, katika andiko lililochapishwa mwaka 1763, aliipanua sheria hiyo hadi ikahusu namba zote, si namba tasa peke yake.

Sheria yenyewe haitishi kama jina lake. Inafanya kazi kama mshale wa saa ya ukutani: ukipita 12 unarudi 1. Chukua saa yenye alama 33 badala ya 12. Chagua namba isiyo na kigawanyo cha pamoja na 33, uizidishe yenyewe kwa yenyewe, na kila ukivuka 33 utupe mafungu kamili ya 33 na kubaki na salio. Hautazunguka ovyo. Lazima utarudi kwenye 1, na Euler alionyesha hatua ya kurudia inavyopatikana: hesabu ni namba ngapi chini ya 33 hazina kigawanyo cha pamoja nayo. Ni 20. Baada ya kuzidisha mara 20 utakuwa uko kwenye 1, na hatua moja zaidi inakurudisha kwenye namba uliyoanza nayo.

Anayejua kwamba 33 ni 3 mara 11 hahitaji kuhesabu moja moja ili apate hiyo 20. Anapunguza 1 kila upande na kuzidisha: 2 mara 10. Asiyejua viungo vya namba hana njia hiyo ya mkato. Hapa ndipo siri ilipo, lakini miaka zaidi ya 200 ilipita kabla ya mtu kuiona kuwa siri.

Wakati huo maisha ya Euler yalikuwa yanaenda na maumivu. Mwaka 1735 homa nusura imuue. Mwaka 1738 jicho lake la kuume lilikuwa karibu limekufa, na mwenyewe aliilaumu kazi ya kuchora ramani za Urusi aliyopewa na akademia. Mwaka 1741 siasa za Urusi zilipochafuka alikubali mwito wa mfalme Frederick wa Pili wa Prusia na kuhamia Berlin, akakaa huko miaka 25. Aliandika huko vitabu ambavyo wanafunzi wa hesabu waliviegemea kwa vizazi. Lakini mfalme alipenda watu wa maneno matamu na mizaha ya Kifaransa, na Euler alikuwa mtu wa dini, mtulivu, mwenye familia kubwa. Frederick alimdhihaki kwa jina la zimwi lenye jicho moja la hadithi za Wagiriki. Kwa mfalme aliyesifiwa kuwa rafiki wa wasomi, kumcheka msomi kwa ulemavu wake ni aibu ambayo historia haijamfutia.

Mwaka 1766 Euler alirudi Saint Petersburg, ambako malkia Catherine wa Pili alimpokea kwa heshima. Mtoto wa jicho ukaingia katika jicho la kushoto, na kwa muda mfupi akawa karibu kipofu kabisa. Mwaka 1771 moto mkubwa wa mji uliunguza nyumba yake. Mtumishi wake, Mswisi mwenzake, aliingia katika moshi na kumtoa mgongoni. Mwaka huo huo alipasuliwa jicho, akaona kwa siku chache, kisha kidonda kikaharibika na giza likarudi. Mwaka 1773 mke wake Katharina akafariki.

Kazi haikupungua, ikaongezeka. Aliamuru na wengine wakaandika: watoto wake, wasaidizi, na kwa kitabu chake cha aljebra, kijana aliyekuwa fundi cherehani. Karibu nusu ya maandiko yake yote, yanayozidi 850, yametoka baada ya kurudi Urusi. Inasimuliwa kwamba alijua kwa kichwa utenzi mzima wa Virgil, hata mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa wa kitabu alichosomea utotoni. Na mwaka 1772, hali haoni, alitangaza katika barua kwamba namba 2 147 483 647 ni tasa. Kuhakikisha hilo kwa nguvu tupu kungedai kujaribu namba tasa zote hadi 46 340. Euler alipata tena masharti yaliyofuta nyingi kati ya hizo kabla ya kuzigusa. Kwa karibu miaka 100 hakuna aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Mtu wa informatiki anaitambua mara moja. Ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi ya biti 32 yenye alama ya jumlisha na toa. Watu wanaoandika heshi nyepesi, zile za kupanga data katika jedwali ili ipatikane haraka, wakati mwingine wanaitumia kama kigawanyo: wanageuza neno kuwa namba, wanagawanya, na kubaki na salio. Hizo ni heshi za kupanga vitu. Hazilindi siri ya mtu yeyote, na aliyezitumia kulinda maneno ya siri ya wateja wake amefunga mlango kwa uzi.

Mwaka 1977, huko Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitafuta namna ya kutekeleza wazo ambalo Whitfield Diffie na Martin Hellman walikuwa wamelitangaza mwaka uliotangulia: kufuli ambalo kila mtu anaweza kulifunga, lakini mmoja tu anaweza kulifungua. Mwingereza Clifford Cocks alikuwa amelifikia jibu lile lile mwaka 1973 ndani ya idara ya siri ya serikali yake, na dunia haikujua mpaka mwaka 1997. Wote walikuta kwamba njia ilikwisha kutengenezwa na Euler.

Turudi kwenye saa ya alama 33. Mwenye kufuli anatangaza kwa watu wote namba mbili: 33 na 3. Huo ni ufunguo wa wazi. Kwake anabaki na 7, ufunguo wa siri, aliouchagua kwa sababu 3 mara 7 ni 21, yaani 20 ya Euler na hatua moja ya kurudi. Mtu anayetaka kumtumia namba 4 anaizidisha yenyewe mara 3, anapata 64, anatoa 33, inabaki 31. Anatuma 31. Mwenye kufuli anachukua 31, anaizidisha yenyewe mara 7 akitupa mafungu ya 33, na 4 inarudi. Aliyeiba ile 31 njiani, hata kama anazo 33 na 3, anahitaji 7. Ili apate 7 anahitaji 20. Ili apate 20 anatakiwa kuivunja 33. Kwa 33 hata mtoto ataweza. Ufunguo wa RSA wa biti 2048 unaotumiwa leo una namba ya tarakimu 617, na hakuna aliyetangaza kwamba amevunja ya ukubwa huo. Mwaka 1977 wagunduzi waliahidi dola 100 kwa atakayefungua ujumbe uliofungwa kwa namba ya tarakimu 129. Ilivunjwa mwaka 1994, na ilidai mamia ya watu wa kujitolea na mashine zao.

Na ile 3 ya wazi, katika funguo nyingi za kweli za RSA, ni namba nyingine: 65 537. Ni ya tano katika orodha ya Fermat, ya mwisho kabla ya ile ambayo Euler aliivunja.

Heshi ya kulinda, kama SHA-256 iliyotangazwa Marekani mwaka 2001, haina kitu chochote cha namna hiyo. Haina ufunguo wa wazi wala wa siri. Inameza neno moja ama filamu nzima na kutoa daima biti 256, ambazo kwa kawaida zinaandikwa kama herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha koma moja, jibu lote linageuka. Kila mtu duniani akiingiza kitu kile kile atapata jibu lile lile. Lakini hakuna 7 iliyofichwa mahali, hata kwa aliyeitunga. Sombe iliyotwangwa hairudi kuwa majani. Tena, kwa kuwa vitu vya kuingiza havina mwisho na majibu yana kikomo, lazima viko vitu viwili tofauti vyenye heshi moja. Nguvu ya heshi ni kwamba hakuna anayeweza kuvipata. Nguvu hiyo ikiisha, heshi inatupwa: MD5 ilianguka mwaka 2004, na SHA-1 mwaka 2017.

Kutoka hapo, swali la kipi ni bora halina maana. Ujumbe ambao lazima mtu fulani ausome kesho unafungwa kwa ufunguo. Kitu ambacho hakuna anayehitaji kukisoma tena, bali kukilinganisha tu, kinapitishwa kwenye heshi. Neno la siri la mteja ni la aina hii ya pili. Tovuti haihitaji kulijua. Inahitaji kujua tu kama lililoandikwa leo ni lile la jana.

Mwaka 2013 data za kampuni ya Adobe ziliibwa, na ikaonekana kwamba maneno ya siri ya mamilioni ya watu yalikuwa yamefungwa kwa ufunguo mmoja badala ya kupitishwa kwenye heshi. Watu wenye neno moja walionekana na alama moja, na vidokezo walivyojiandikia vilikaa kando yake wazi. Mwaka mmoja kabla, LinkedIn ilikuwa imetumia heshi, lakini heshi ya haraka ya SHA-1 bila kuongeza chumvi, yaani vipande vya bahati nasibu vinavyofanya maneno mawili yanayofanana yatoe majibu tofauti. Wezi hawakurudisha heshi nyuma. Walijaribu maneno mengi mbele kwa mbele, wakilinganisha. Ndiyo sababu leo zinatumiwa heshi za polepole kwa makusudi, kama bcrypt na Argon2.

Mara nyingi vifaa hivi viwili vinatembea pamoja. Programu inapotiwa sahihi, haifungwi yote kwa RSA, kwa kuwa ufunguo wa biti 2048 hauwezi kumeza zaidi ya baiti 256 kwa mara moja. Kwanza programu inapitishwa kwenye heshi, kisha ile alama fupi ndiyo inayotiwa sahihi kwa ufunguo wa siri. Simu inayopokea inahakikisha kwa ufunguo wa wazi. Heshi inasema kitu hakikuguswa, ufunguo unasema kimetoka kwa nani. Ukiondoa kimoja, kingine kinabaki kiwete.

Njia ya Euler yenyewe inaanza kuzeeka. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba ordinateri ya quantum, ikitengenezwa kwa ukubwa wa kutosha, itavunja namba kubwa haraka kwa kutafuta ule ule mzunguko unaorudi kwenye 1. Heshi hazitikisiki kiasi hicho, kwa kuwa ndani yake hakuna mzunguko wa namna hiyo wa kutafuta. Mwezi wa Agosti 2024 Marekani ilitangaza kanuni mpya za kushika nafasi ya RSA, na moja ya sahihi mpya imejengwa kwa heshi peke yake.

Euler alizikwa katika makaburi ya Walutheri ya Saint Petersburg, kando ya Katharina. Baadaye mabaki yake yalihamishwa hadi makaburi ya nyumba ya watawa ya Alexander Nevsky. Uswisi ilimweka kwenye noti yake ya franga 10. Kazi zake zilianza kukusanywa katika mfululizo mmoja mwaka 1911, na kuchapa vitabu hivyo kumechukua zaidi ya miaka 100.